Je, Mama Mkristo Asome Riwaya?

Yako maswali ambayo mtu haulizwi hadharani. Huulizwa pembeni, ibada ikishakwisha, wakati viti vinapangwa. Mojawapo ni hili: inakuwaje wanawake watu wazima, wenye waume na watoto, na wengine wenye zamu za usiku hospitalini, wapate muda wa kusoma hadithi za kutunga? Na kama muda wanao, kwa nini wasisome Biblia? Tumeulizwa hivyo na waume, na wazee wa kanisa, na mara nyingi zaidi na wanawake wenzetu. Tumeona tulijibu kwa maandishi, maana mwaka jana swali hili lilikaribia kukivunja kikundi chetu.

Sisi ni wanawake saba wa usharika mmoja, huku kwetu kando ya Ziwa Viktoria. Wawili ni wauguzi, wawili walimu wa shule ya msingi, mmoja mshonaji, mmoja anauza dagaa sokoni, na wa saba ni mama wa nyumbani ambaye anatushinda wote kwa kusoma. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, kila mara nyumbani kwa mwingine. Vitabu vyetu vinakaa katika sanduku la bati la shule, lile la kufuli, ambalo mtoto wa mmoja wetu alilimaliza kidato cha nne. Vingi tulivinunua vikiwa vimeshatumika, kwenye meza za vitabu vya mitumba, na vingine havina majalada. Tumevivika magazeti na vipande vya vitenge kama tulivyofundishwa shuleni.

Mapenzi haya hatukuyaanzia ukubwani. Wengi wetu tulilelewa katika nyumba ambamo kitabu kilikuwa kimoja au viwili, na jioni mkubwa mmoja alisoma kwa sauti na wengine tukasikiliza huku tukichambua mchele. Hivyo ndivyo tulivyokutana na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Mliokisoma mnakumbuka: Adili ni mtu mwema, anasifiwa kwa upole kwa watu na wanyama, lakini kila usiku anawachapa nyani wawili kwa mjeledi, kisha anawalisha chakula kizuri na kulia. Sisi watoto tulishindwa kulala. Kwa nini mtu mwema apige? Kwa nini anayepiga alie? Ilipofika sehemu ya kueleza kwamba nyani wale ni ndugu zake, ambao walimtosa baharini kwa wivu, mama mmoja pale alisema taratibu, "Ni Yusufu na nduguze." Hakuna aliyekuwa ametwambia hivyo. Hadithi yenyewe ilikuwa imetupeleka kwenye kitabu cha Mwanzo, na tulikifungua usiku uleule.

Kaka zetu wao walikuwa na Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, wakimsoma kwa tochi chini ya shuka. Nasi tulimwiba na kumsoma, tusijitie utakatifu. Hadi leo hakuna dawa ya uchovu kama mpelelezi hodari. Ila ukishamjua mwuaji kitabu kimekwisha, hukirudii.

Sasa kuhusu muda. Sisi tunaofanya zamu za usiku tunaijua saa tisa ya alfajiri. Umekwisha kupima joto na mapigo ya moyo, umebadili drip, umeandika ripoti, wodi imetulia na kinachosikika ni kukoroma na kikohozi kimoja kule mwisho. Saa hiyo ndiyo mwuguzi husinzia. Kitabu kizuri humweka macho na masikio yakabaki kwa wagonjwa, kwa sababu kitabu, tofauti na simu, unaweza kukifunga kwenye neno lolote na kumkimbilia anayeita. Wenzetu wa nyumbani wana saa yao pia, wakati maharage yako jikoni na mtoto amelala. Mwenzetu wa dagaa husoma sokoni kabla mizigo haijafika. Hatuibi muda wa mtu.

Na lile la uongo? Mzee mmoja wa kanisa, tunayemheshimu sana, alitwambia kwamba hadithi ya kutunga ni uongo uliopambwa, na Mkristo hana haja na uongo. Tulimwuliza kwa adabu juu ya nabii Nathani. Daudi alipokuwa amemchukua mke wa Uria na kumwua mumewe, Nathani hakumwendea akasema, "Mfalme, umekosa." Alimsimulia juu ya tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mwanakondoo mmoja wa kike aliyemlea kama binti yake. Tajiri yule hakuwapo, wala mwanakondoo hakuwapo. Lakini Daudi alikasirika kwa haki, akatoa hukumu, na ndipo alipoonyeshwa kwamba amejihukumu mwenyewe. Mzee alitafakari, akasema Nathani alitumwa na Bwana na waandishi wa riwaya hawakutumwa. Ni kweli, hatuwezi kusema wametumwa. Tunachosema ni kwamba mlango ule aliopitia Nathani uko wazi bado, na moyo uliofungwa kwa mahubiri mara nyingine huufungua.

Ugomvi wenyewe ulikuja kwa njia ya Rosa Mistika.

Kwa wasiokijua, ni kitabu cha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa ambacho sisi wa huku tunapanda meli kwenda kukitembelea. Alizaliwa mwaka 1944, akasoma seminari, na alikitoa kitabu hiki mwaka 1971, kabla hajafikisha miaka 30. Alifariki Januari 2020. Jina la kitabu ni mojawapo ya majina anayopewa Bikira Maria katika litania ya ndugu zetu Wakatoliki, na ndilo jina la msichana anayesimuliwa. Rosa ana baba mlevi lakini mkali mno kwa binti zake. Anapopata barua kutoka kwa kijana, baba anampiga vibaya. Tangu hapo Rosa anawaogopa wanaume kama moto, na wote wanaona amelelewa vema. Anapokwenda mbali na macho ya baba, hana alichofundishwa ila woga, na woga ukimwisha hakuna kilichobaki. Watu wazima wenye vyeo wanamtumia. Anatoa mimba. Mwisho wake anajiua. Kitabu hiki kilizuiwa mashuleni kwa muda, baadaye kikaruhusiwa na hata kufundishwa.

Basi binti wa mwenzetu mmoja, msichana wa kidato cha tatu, alikikuta nyumbani kwa mwingine wetu akaomba kuazima. Aliazimwa. Wiki iliyofuata mama yake alikuja kwenye kikao akiwa amekibeba katika mfuko wa plastiki, kama mtu aliyebeba kitu kilichooza. Alikiweka mezani.

"Dada zangu," alisema, "mimi nimewaamini. Mwanangu nimemlea kanisani. Mmempa kitabu cha malaya na mimba. Kesho akiharibika nitamlilia nani?"

Palikuwa kimya. Mwenye nyumba alimkaribisha chai, akakataa. Mwalimu mmoja alijaribu kueleza kwamba kitabu hakisifu uovu, kinauonyesha. Akajibiwa, "Mwalimu, mtoto haoni tofauti." Mwingine akasema kitabu kile kimewahi kufundishwa shuleni. Akajibiwa kwamba shuleni wanafundishwa mengi. Hapo mambo yalianza kuwa makali, na mshonaji wetu, ambaye huwa hasemi mengi, ndiye aliyeuliza, "Mama, wewe umekisoma?" Hakuwa amekisoma. Alikuwa amefungua kurasa mbili tatu katikati.

Hapa inatubidi tuseme kama wauguzi, bila kutaja mtu wala mahali. Wasichana wanaoletwa usiku wakiwa na homa kali, tumbo linauma na wanatokwa damu yenye harufu, hawatoki katika nyumba zisizosali peke yake. Wapo waliotoka katika kwaya. Mara nyingi mama ndiye anayemleta, na mara nyingi mama anasema ni malaria. Yule binti anamtazama mama, halafu anatutazama sisi, na haendi mbele wala nyuma, kwa sababu kusema kweli mbele ya mama kunamtisha kuliko kufa. Tumejifunza kumwomba mama atuletee maji ya moto, au aende kununua kitu dukani, ili tubaki na binti kwa dakika tano. Katika dakika hizo tano tunajua yote. (Na kwa kuwa ukurasa huu unasomwa na akina mama, tuliweke wazi: binti mwenye homa na damu ya namna hiyo asikae nyumbani akingoja kupambazuka. Apelekwe hospitali usiku huohuo, na maswali ya nani na lini yasubiri. Sumu ikishaingia kwenye damu, saa chache ni nyingi.)

Tulimweleza mwenzetu hayo. Tukamwambia kwamba Kezilahabi hakuwa mwuguzi, lakini zaidi ya miaka 50 iliyopita aliandika sababu ya binti yule kunyamaza mbele ya mama. Aliandika kwamba nyumba yaweza kuwa na kiboko na sala, na mtoto asiwe na mtu wa kumwuliza jambo. Hatukumwambia kwamba nyumba yake ndiyo hiyo. Hatukuwa na sababu ya kufikiri hivyo.

Alisema atafikiri. Akatoka na mfuko wake, na kitabu kikiwa ndani.

Miezi miwili hakuja. Katika miezi hiyo sisi wenyewe tuligawanyika. Wawili walitaka Rosa Mistika kitolewe sandukuni kabisa, ili amani irudi. Mmoja alipendekeza tufuate utaratibu wa kwamba binti wa mtu asiazimwe kitabu bila mama yake kujua, na hilo tulilikubali wote. Ni la busara, na mtoto ni wa mamaye kabla hajawa wa kikundi. Lakini juu ya kukitoa hatukukubaliana. Mama wa nyumbani, bingwa wetu wa kusoma, alisema kama tutaondoa kila kitabu chenye dhambi ndani yake, tutaanza na Waamuzi. Tulicheka, ila hakusema kwa mzaha.

Mwezi wa tatu alirudi. Aliketi, akanywa chai yake, akasikiliza mazungumzo ya kitabu kingine. Alipoaga alikitoa Rosa Mistika mkobani na kukirudisha sandukuni kwa mkono wake. Jalada lilikuwa limegandishwa upya kwa gundi. Alisema hivi tu: "Nilisoma mpaka mwisho. Baba mtu ningemtia makofi." Kisha, akiwa mlangoni anavaa viatu, akaongeza kwamba yeye na binti yake sasa huosha vyombo pamoja usiku, wawili tu, na dada wa kazi analala mapema. Hatukumwuliza wanazungumza nini.

Kitabu kingine kilichotusaidia, na ambacho hakikuleta ugomvi, ni Takadini cha Ben Hanson, ambacho watoto wetu wengi wamekisoma katika fasihi sekondari. Ni habari ya Zimbabwe ya zamani. Sekai amekaa miaka mingi bila mtoto. Anapojaliwa, anamzaa mtoto mwenye ualbino, na mila inataka mtoto auawe. Sekai anambeba na kutoroka usiku, hadi kijiji cha mbali ambako wanapokewa. Jina Takadini kwa Kishona ni swali: tumefanya nini? Sisi wa wodi ya wazazi swali hilo tunalijua kwa Kisukuma, kwa Kikerewe na kwa Kiswahili. Mama akimwona mtoto mweupe mwenye nywele za manjano, neno la kwanza mara nyingi ni hilo. Na huku kwetu Kanda ya Ziwa, miaka ile ya kuanzia 2007, watu wenye ualbino walipokuwa wanawindwa kwa ajili ya ushirikina, lilikuwa swali la kufa na kupona.

Jibu la kiuuguzi ni fupi. Mama hajakosa chochote, wala hakwenda kwa Mzungu. Baba na mama wote wawili hubeba mbegu ile bila kuonekana, wao wakiwa weusi kabisa, na ikikutana kwa mtoto ndipo hutokea. Mtoto avikwe kofia pana na mikono mirefu, apakwe mafuta ya kuzuia jua, akae mbele darasani kwa sababu macho yake ni hafifu, na kidonda cha ngozi kisichopona kisipuuzwe maana ndiko saratani huanzia. Hayo tunayasema kila mara. Lakini tumegundua kwamba mama aliyetoka kujifungua hashiki neno "mbegu". Kwa hiyo husimulia kwanza juu ya Sekai, jinsi alivyotoka usiku na mtoto mgongoni. Mama huuliza, "Ikawaje?" Akishauliza hivyo, mara nyingi amekwisha kumsogeza mtoto kwenye titi.

Hatusomi vya zamani tu. Siku hizi hadithi nyingi zinauzwa kwa simu, sehemu kwa sehemu katika makundi ya WhatsApp, na mwandishi hukata pale pale mtu anapofungua mlango, akakutaka utume pesa ndipo ujue nani yuko nje. Zimo nzuri, na waandishi hao nao wanatafuta riziki. Kwa maoni yetu nyingi zimeandikwa kwa haraka mno. Shujaa anaanza ana macho makubwa, sehemu ya kumi macho yamekuwa madogo.

Kilichotushika mwaka huu ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mtu wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2022. Ina maana tulingoja miaka 28 kuisoma habari ya kwetu kwa lugha ya kwetu! Kijana Yusuf ana miaka 12, wakati wa utawala wa Wajerumani, kabla ya vita ya 1914. Tajiri mmoja ambaye amezoea kumwita mjomba anakuja kwao, na safari hii akiondoka anaondoka naye. Yusuf anadhani ni matembezi. Baadaye anaelezwa na kijana mwenzake kwamba tajiri si mjomba wake: baba ana deni, na yeye ndiye rehani.

Tulipofika hapo tulifungua tena Mwanzo, sura ya 37, kama usiku ule wa utotoni. Yumo hata mke wa tajiri anayemtamani kijana, na shati linalochanika. Lakini yule Yusufu wa Biblia aliuzwa na ndugu wenye wivu, na baba yake alimlilia. Huyu ametolewa na baba na mama, kwa upole, akiwa amefungiwa mzigo wake mdogo. Kikao kile hatukuzungumza sana juu ya Wajerumani. Mwenzetu wa dagaa aliuliza kama hilo la rehani limekwisha kweli. Akasema, "Wale mabinti tunaoletewa kutoka kijijini, wanaotuita shangazi, hao ni nini?"

Mwalimu alikumbusha kwamba sheria yetu hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa. Mmoja akasema yule wa kwao aliletwa na mama yake mzazi, kwa hiari. Mwingine akajibu kwamba na Yusuf aliletwa na wake. Kutoka jikoni tulisikia vyombo vinaoshwa, na mwenye nyumba aliinuka, akaenda, akarudi na binti akiwa anajifuta mikono kwenye kanga. Alimpa kiti. Binti alikaa kwenye ncha ya kiti, hajui atazame wapi, na kisomo kikaendelea kwa sauti kutoka pale tulipoachia, Yusuf akiwa dukani anajifunza kuuza.

Tunacho kitabu kimoja tu cha Peponi, na bei ya kipya si ndogo, kwa hiyo foleni imeandikwa nyuma ya kalenda: wauguzi kwanza kwa sababu ya zamu, kisha mshonaji, kisha walimu. Mwishoni mwa foleni, kwa mwandiko wa kukaza kalamu, kuna jina la nane ambalo si la mwanachama. Binti yule ameomba aazimwe naye akimaliza mwalimu wa pili.